Pampu inajiwasha usiku na zulia limelowa: nianzie wapi?

"Nilinunua gari-nyumba lililotumika miezi minne iliyopita. Usiku, koki zote zikiwa zimefungwa, pampu ya maji inajiwasha yenyewe kwa sekunde moja au mbili, kila baada ya dakika kumi hivi. Zulia karibu na mlango wa bafu limelowa na sakafu hapo inabonyea kidogo ukikanyaga. Tukiwasha hita ya maji, matone yanadondoka chini ya gari. Nimebadili pampu, nimepaka silikoni kwenye viungio vyote ninavyoviona chini ya sinki, na hakuna kilichobadilika. Fundi mmoja anasema sakafu yote ing'olewe. Mwingine anasema ni mvua tu. Nianzie wapi? Na je, naweza kuendelea kulitumia?"

Ndugu msomaji,

Umeniandikia kama mwenye tatizo moja, na mafundi wako wawili nao wamekujibu hivyo. Mimi nikisoma maelezo yako naona mambo matatu: pampu inayojiwasha, sakafu iliyolowa, na matone yanayotokea hita ikiwaka. Huenda mawili ya mwanzo yana chanzo kimoja, huenda hayana. La tatu, nikuambie mapema ili upate usingizi, pengine si ugonjwa kabisa. Tuyatenganishe kwanza, maana pesa nyingi katika kazi hii hupotea mtu anapotafuta chanzo kimoja cha mambo yasiyojuana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye magari haya wengi huziba ufa usio wao. Hapo ndipo silikoni yako ilipoishia. Silikoni ni nzuri kwenye kingo za beseni la bafu, kuzunguka sinki, mahali ambapo maji yanarukia na kuteleza. Kwenye kiungio chenye presha haifai kitu. Maji yanaisukuma kutoka ndani, nayo imeshika juu juu tu kwenye plastiki iliyolowa. Baya zaidi, inalificha tone: badala ya kudondoka pale pale ukaliona, maji yanatambaa chini ya silikoni na kutokea sentimita 20 mbele, kwenye kiungio kizima kisicho na hatia. Kabla ya yote, ibandue. Najua inaudhi.

Pampu nayo uliibadili bure, ila bure hiyo imetupa taarifa. Pampu mpya ikirudia tabia ileile ya pampu ya zamani, kwa mwendo uleule, kuna uwezekano mkubwa kwamba zote mbili zilikuwa nzima na zilikuwa zinakuambia kitu. Pampu nyingi za volti 12 zenye kiwambo (utando wa mpira unaosukuma maji) zina swichi ya presha. Ukifunga koki, presha inapanda, na ikifika baa 2.8 hadi 3.8 hivi, kutegemea aina, swichi inakata umeme. Presha ikishuka, inawasha tena. Pampu inayoguna saa nane ya usiku haijaharibika. Inasema maji yametoka mahali.

Yametoka kiasi gani? Hapa watu huogopa kuliko inavyostahili, au hupuuza kuliko inavyofaa. Matone 20 hivi ni mililita moja. Tone moja kila sekunde ni mililita 3 kwa dakika, na kwa dakika kumi ni mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Kwenye mfumo usio na chupa ya kutunza presha, kiasi hicho kinaweza kabisa kushusha presha hadi swichi ishtuke. Kwa hiyo usitafute bomba lililopasuka na kutiririka, tafuta tone. Lakini pia usilidharau, maana tone hilohilo kwa siku nzima ni zaidi ya lita 4, na plaiwudi ya sakafu hainywi lita 4 kwa siku ikabaki salama.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Kwenye nyumba ya kawaida swali la kwanza ni maji yako wapi. Kwenye gari-nyumba swali hilo hudanganya. Sakafu ina mwelekeo wake, gari limeegeshwa limeinama kidogo, mabomba yamepita nyuma ya kabati pamoja na nyaya, na tone likishashika waya au mbao linaweza kusafiri mita mbili kabla ya kuonekana. Zulia lako limelowa karibu na bafu kwa sababu pengine hapo ndipo penye bonde. Swali linalosaidia ni: yanatoka *lini*? Yanatoka muda wote pampu ikiwa imewashwa? Yanatoka mtu akioga tu? Tangi likijaa tu? Gari likitembea? Hita ikiwaka? Mvua ikinyesha? Kila "lini" ina kundi lake dogo la washukiwa, na wengine wote unawaacha huru.

Nakumbuka gari langu la kwanza. Kabati la jikoni lilikuwa linalowa, na nilitumia siku mbili nimelala kifudifudi na tochi mdomoni, nikikaza kila nati niliyoifikia. Nikiwa nimeegesha, hakuna tone. Tukirudi safari, bwawa. Nilifungua karibu nusu ya kabati kabla ya kugundua kwamba kifuniko cha ukaguzi cha tangi, kile kikubwa cha kuzungusha, kilikuwa na pete ya mpira iliyokunjika. Tangi likiwa limejaa na nikifunga breki, maji yalipiga kifuniko na kikombe kizima kikamwagika. Ningekaa uani na tochi ile hadi leo nisingekiona, kwa sababu nilikuwa naangalia mahali sahihi kwa wakati usio sahihi.

Turudi kwako. Gari lako lina pande mbili za maji zinazopita kabati zilezile lakini zina tabia tofauti. Upande wenye presha unaanzia kwenye mdomo wa pampu na kwenda hita, koki zote, bafu na choo. Huo ukivuja, unavuja mchana na usiku, mradi pampu imewashwa. Upande usio na presha ni tangi, mpira wa kujazia, bomba la pumzi la tangi, na mabomba yote ya maji machafu. Huo huvuja pale tu maji yanapopita au yanapojaa hadi kimo cha ufa. Maji machafu hayawezi kuiamsha pampu usiku, hata yamwagike ndoo. Kwa hiyo malalamiko yako ya kwanza tayari yana anwani: ni upande wenye presha, au pampu yenyewe inarudisha maji kwenye tangi.

Hilo la mwisho ndilo tulipime kwanza, kwa sababu ni rahisi na mafundi wengi hulisahau. Ndani ya pampu mna valvu inayozuia maji yasirudi nyuma. Chembe moja ya mchanga au kipande cha plastiki kilichobaki kwenye tangi tangu lilipotobolewa kinatosha kuizuia isifunge vizuri, hata kwenye pampu mpya kabisa. Presha inarudi tangini polepole, pampu inajiwasha, na wewe unatafuta tone ambalo halipo duniani. Kama gari lako lina mdomo wa kuunganisha maji ya kambi, yaani maji ya bomba ya mahali unapoegesha, zima pampu, acha tangi likiwa nusu, weka alama ya kimo kwa tepu, kisha unganisha maji ya nje kupitia kidhibiti presha kilichowekwa kama baa 3. Rudi baada ya saa moja au mbili. Kimo cha tangi kikiwa kimepanda, valvu ya pampu ndiyo inayopitisha. Safisha chujio lililo kabla ya pampu, fungua kichwa cha pampu ukitoe kilichokwama, au weka valvu nyingine ya njia moja mbele yake. Kama gari halina mdomo huo, fungua koki moja kuondoa presha, chomoa mpira unaotoka kwenye pampu, ziba mdomo wa pampu kwa kizibo chenye uzi unaolingana, kisha washa pampu. Ikijenga presha, ikazima na kukaa kimya saa nzima, haina hatia. Ikiendelea kuguna, umempata.

Ukiwa hapo, angalia chujio lenyewe. Lina kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga na pete nyembamba ya mpira. Mtu akikikaza kwa nguvu kinapata ufa mwembamba kama unywele, ambao hauonekani mpaka ukigeuze dhidi ya tochi. Chujio liko upande wa kuvuta, kwa hiyo pampu ikifanya kazi ufa hauvuji maji bali unavuta hewa: koki inatema tema na pampu inachelewa kuzima. Pampu ikizima, na tangi likiwa juu kuliko chujio, ndipo linapoanza kudondosha.

Ikiwa pampu haina kosa, anza jioni moja gari likiwa limesimama sawasawa. Jaza tangi kutoka kwenye ndoo au mpira, na usibaki umeunganisha maji ya nje. Tangi lina mwisho, bomba la kambi halina. Fungua kila koki, ya moto na ya baridi, mpaka hewa iishe, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hubanwa kama springi na kuficha uvujaji mdogo. Funga zote, acha pampu izime, kisha kaa kimya na daftari. Andika saa kila inapojiwasha. Usikisie, usiku mtu husikia "kila dakika kumi" kumbe ni kila ishirini na tano, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia kesho kama umeboresha kitu au umejifariji tu.

Kabla hujafungua kabati hata moja, kagua sehemu tatu ambako maji hutoka bila kulowesha sakafu. Choo kwanza: kausha bakuli kwa karatasi na urudi baada ya nusu saa, kwa sababu valvu ya kusukumia maji inaweza kupitisha kidogo na yote yakaishia kwenye tangi la choo kimya kimya. Koki za sinki na bafu, vivyo hivyo. Kisha teremka chini ya gari uangalie vipini vya kutolea maji ya mfumo, vile vya rangi vinavyofunguliwa msimu wa baridi. Kipini ambacho hakikufungwa hadi mwisho hudondosha barabarani miaka. Nimeona watu wameng'oa bafu kwa ajili ya kipini.

Kama hayo yote ni makavu, gawa mfumo nusu kwa nusu. Funga njia ya maji baridi inayoingia kwenye hita, kama kuna valvu, huku hita imezimwa na imepoa. Pampu ikinyamaza, tafuta upande wa moto; ikiendelea, upande wa baridi. Hapo ndipo unapofungua makabati ya upande huo tu. Chukua karatasi laini ya chooni, kavu, ufunge kipande kuzunguka kila kiungio na kuweka kingine chini yake. Vidole havifai kwa kazi hii, maana bomba la baridi huhisiwa kama limelowa hata likiwa kavu. Karatasi haidanganyi: tone moja linaacha duara lenye giza ambalo utaliona kwa tochi saa moja baadaye. Angalizo moja ni jasho. Hewa ya ndani ikiwa na unyevu na maji ya tangi yakiwa baridi sana, bomba lote hutoa umande. Umande hulowesha karatasi zote kwa pamoja, uvujaji hulowesha moja.

Ukishakipata kiungio, usikimbilie spana. Nati za plastiki zikikazwa kupita kiasi hupasuka, na ufa wake hutokea wiki moja baadaye, ukiwa safarini. Viungio vyenye mpira ndani huzibwa na mpira, si na nguvu ya mkono: kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Kikiendelea kuvuja kifungue, utakuta mpira umekauka, umekunjika au umewekwa kinyume. Tepu nyeupe ya mafundi bomba haina kazi hapo. Kazi yake ni kwenye uzi wa skrubu unaoziba wenyewe, wa chuma hasa. Kuizungusha kwenye nati yenye mpira kunaiweka nati mbali na mahali pake, na uvujaji unaongezeka.

Viungio vya kusukuma, vile ambavyo bomba huingia tu na kushikwa, huvuja kwa sababu chache. Bomba lilikatwa mshazari, lina mkwaruzo mahali pete ya mpira inapokaa, au halikuingizwa hadi mwisho. Toa presha, bonyeza kola (pete iliyo mdomoni mwa kiungio), lichomoe, kata sentimita mbili kwa kisu cha bomba ili ncha iwe sawa, weka alama ya kina kwa kalamu, kisha lisukume mpaka alama ifike. Bomba lililovutwa kwa pembeni, likapinda likitoka kwenye kiungio, litavuja hata ukibadili kiungio mara kumi. Lipe nafasi au weka kiwiko. Ukitaka kulainisha pete, tumia grisi ya silikoni. Grisi na mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira.

Mipira laini yenye klipu ina mtego wa vipimo. Mpira wa nusu inchi una kipenyo cha ndani cha milimita 12.7, na chuchu (ncha inayoingia ndani ya mpira) ya milimita 12 ukiitazama kwa macho utadhani ni ndugu yake. Aliyetangulia akiunganisha hivyo na kukaza klipu kwa hasira, mpira umekunjamana chini ya klipu na njia ya maji iko kwenye mkunjo. Hapo hakuna ujanja zaidi ya kununua mpira wa kipimo sahihi. Na kama gari ni la Marekani lenye mabomba ya plastiki ya kijivu yaliyotengenezwa kwa polibutilini, ambayo yaliachwa kutumika katikati ya miaka ya 1990, ukibadili kiungio kimoja jiandae kisaikolojia kwa mabomba mengine yaliyobaki.

Ulisema gari limetumika. Muulize aliyekuuzia kama liliwahi kulala kwenye baridi kali na maji ndani. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na ya kwanza kupasuka mara nyingi si bomba, ambalo linanyumbuka kidogo, bali koki ya bafu na kikombe cha chujio, vitu vigumu vinavyobakiza maji. Koki ya bafu hupasuka kwa nyuma, ndani ya ukuta. Kwa mbele inang'aa. Zulia lako liko mlangoni pa bafu, kwa hiyo mimi ningeifungua hiyo mapema.

Tuje kwenye matone ya hita. Hita ya lita 10 ikipasha maji kutoka nyuzi 15 hadi 60, maji yale yanaongezeka ujazo kwa karibu mililita 160. Hayawezi kurudi nyuma, kwa sababu valvu ya pampu inazuia, na koki zimefungwa. Presha inapanda mpaka valvu ya usalama ya hita ifunguke kidogo na kutema chini ya gari. Imefanya kazi yake. Matone wakati wa kupasha yakikoma maji yakishapata moto, mimi na wewe tulale. Yakiendelea saa zote, baridi na moto, basi kuna chokaa au chembe kwenye kiti cha valvu, au valvu imechoka na ibadilishwe. Kama yanakukera, chupa ndogo ya kupokea upanukaji upande wa maji ya moto huyamaliza. Baadhi ya hita zimeundwa kuwa na hewa kidogo juu kwa kazi hiyohiyo, na hewa hiyo hupungua taratibu. Kitabu cha hita kitakuonyesha namna ya kuirudisha ikiwa baridi. Nyingine zina valvu inayofunguka yenyewe na kumwaga maji yote joto likikaribia nyuzi 3, ili hita isigande, na mwenye gari huamka asubuhi akidhani amepasukiwa. Unaloruhusiwa kufanya na valvu hizi ni kuzisafisha, kuzijaribu na kuzibadili. *Kamwe usizibe.* Nimewahi kukuta moja imefungwa kwa kizibo na gundi, na aliyefanya hivyo alikuwa analala mita moja kutoka pale.

Ikiwa baada ya yote haya pampu imenyamaza lakini zulia bado linalowa, basi ulikuwa na uvujaji wa pili, wa upande usio na presha. Zima pampu kabisa na utoe presha, ili upande ule mwingine ufe. Leta maji kwa ndoo, yatie rangi ya chakula, na uyamwage kwenye beseni la bafu taratibu. Kisha, na hili ndilo watu huliruka, ingia usimame humo. Beseni nyingi zimekaa juu ya nafasi tupu, na ufa wake unafunguka pale tu uzito wa mtu unapoukanyaga. Ukimwaga maji ukiwa nje, hutaona kitu. Simama, hamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, na mtu mwingine aangalie chini kwa tochi. Rangi ikitokea chini, umepata jibu, na ni ama ufa, ama kola ya tundu la kutolea maji imelegea. Fanya hivyohivyo kwa sinki, ukilijaza na kuliachia lote kwa pamoja.

Huyo fundi wa mvua naye tusimdharau. Mwage maji kwa mpira wa bustani nje, bila kichwa cha kuongeza presha, ukianzia chini na kupanda polepole: madirisha, taa za pembeni, kisha paa. Ukianza juu maji yatapita kila mahali na hutajua. Sakafu ikilowa kwa jaribio hili, na haikulowa kwa mengine, alikuwa sahihi.

Na yule wa kung'oa sakafu? Namuelewa, lakini amewahi mno. Sakafu za magari haya mara nyingi ni plaiwudi juu na chini, povu gumu katikati. Kubonyea kunaweza kumaanisha gundi imeachia kati ya tabaka, mbao zikiwa bado nzima, na hilo hutengenezwa kwa kutoboa matundu madogo na kuingiza gundi maalumu, kisha kubana kwa uzito. Au kunaweza kumaanisha mbao zimeoza, na hapo kukata kipande hakuepukiki. Huwezi kujua kwa kukanyaga. Chomeka bisibisi nyembamba mahali palipofichika: ikizama kama kwenye mkate, ni uozo. Kipima unyevu husaidia pia. Chini ya asilimia 15 ni kawaida, kuanzia 20 kwenda juu panataka uchunguzi. Lakini kipimo cha leo kinakuambia maji yaliyomo, hakikuambii kama bado yanaingia. Ndiyo maana uvujaji unazibwa kwanza, sakafu inakaushwa wiki kadhaa zulia likiwa limetolewa, hewa ikizunguka na mashine ya kunyonya unyevu ikifanya kazi, kisha unapima tena palepale ulipopima mwanzo. Kutengeneza sakafu iliyolowa ni kufungia maji ndani.

Kulitumia, unaweza, kwa masharti. Toa zulia leo. Zima swichi ya pampu kila unapolala na kila unapotoka. Uiwashe ukiwa unahitaji maji. Usiache maji ya nje yameunganishwa ukiwa hupo. Na angalia nini kingine kiko kwenye njia ya maji hayo: kama chaja ya betri, soketi za umeme mkubwa au masanduku ya fyuzi yako chini karibu na sehemu iliyolowa, chomoa waya wa umeme wa nje mpaka pakauke na mtu wa umeme apaone.

Kuna mengine ambayo nisingependa uyafanye kwa maelekezo ya maandishi. Hita ikivuja kwenye mwili wake, si kwenye viungio, na ikiwa inatumia gesi, ifunguliwe na fundi mwenye idhini ya gesi. Sakafu ikibonyea karibu na miguu ya viti vya abiria au mahali mikanda ya usalama ilipofungwa, gari lisibebe watu kwenye viti hivyo mpaka likaguliwe. Kuta zikiwa laini chini ya dirisha, au harufu ya kuvu ikitoka ndani ya ukuta, tafuta mtu mwenye kipima unyevu apime gari zima na akupe ramani ya vipimo kwa maandishi. Na kama ulipewa dhamana yoyote wakati wa kununua, piga picha za kila kitu kabla hujagusa hata nati moja.

Ukishatengeneza, rudia jioni ya daftari. Mfumo mzima unakaa usiku kucha bila pampu kuguna. Kisha endesha gari kwenye barabara mbovu kwa saa moja, tangi likiwa limejaa, na urudie tena, kwa sababu mtikisiko ndio uliolegeza viungio hivi tangu mwanzo. Karatasi zako ziache mahali pake mwezi mzima, na vifuniko vya kabati vishike kwa skrubu mbili tu.